Kitambaa cha Selvaraj, Bitana ya Rokeya

Siku Kizzy aliponiambia nichague mmoja kati ya wawili, nilikuwa na pini mdomoni. Fundi akiwa na pini mdomoni hajibu hovyo, na nadhani hilo ndilo lililonisaidia.

"Bwana Gwakisa," akasema, "je, umenielewa?"

Kizzy ni meneja wa jengo letu hapa Langley Park, hili lenye duka la simu mbele na harufu ya pupusa, chapati za Wasalvador, nyuma. Mmarekani mweusi, mzaliwa wa huku huku. Kiswahili alikisoma chuoni, na akakisoma kweli. Chake kimepigwa pasi. Changu kilitoka Tukuyu, kikapita Dodoma kuchukua diploma ya ugavi, kikaja kuchakalia Maryland. Lakini tunaelewana, kama suti na kandambili zikikutana mlangoni.

Nikatema pini kiganjani. "Nimeelewa. Rudia tu, na cherehani isikie."

Akarudia. Mwenye jengo anaona treni mpya itaanza kupita barabarani kwetu, na watakuja watu wa aina nyingine, wale wanaokunywa kahawa huku wanatembea. Anataka nafasi ya mgahawa. Maduka mawili ya vitambaa yanayotazamana ni mengi, libaki moja. Mikataba ya wote wawili inaisha pamoja. Sasa, kwa kuwa mimi nimekaa katikati yao miaka yote na nanunua kwa wote, niandike maoni: nani anafanya biashara vizuri zaidi, nani aondoke.

"Na kona yangu?"

"Ukiandika, kona yako itabaki. Mwenye jengo ameahidi."

"Nisipoandika?"

Akatazama viatu vyake. "Wewe huna mkataba, Bwana Gwakisa. Umekaa kwenye korido."

Kweli. Kona yangu si duka. Ni cherehani, kioo, pazia la kubadilishia nguo, na kiti kimoja ambacho mteja akikikalia nasimama mimi. Kulia mlango wa Selvaraj, kushoto mlango wa Rokeya. Lakini kona hiyo ndiyo inayomsomesha binti yangu Queen kule Fairfax. Nikitolewa hapo narudi kushonea sebuleni kwetu, Adelphi, ambako jirani wa chini akisikia cherehani inaguruma anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Na wateja gani watapanda ngazi zile kuja kupunguza suruali?

"Nipe siku chache," nikamwambia Kizzy.

"Bila shaka. Alamsiki."

Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini nikamjibu vizuri. Mtu akijitahidi na lugha yako humkatishi tamaa.

Niwaeleze kuhusu hawa majirani zangu. Kwanza, Wahindi wawili hapa hawapo. Mhindi ni mmoja. Hilo nilifundishwa wiki yangu ya kwanza. Sisi Watanzania mtu yeyote mwenye nywele za kulala na duka ni Mhindi, tumemaliza. Nikaingia kwa Rokeya nikamwambia, kwa furaha kabisa, kwamba kwetu Wahindi ni wengi sana, atajisikia nyumbani. Alitoka nyuma ya kaunta na mkasi.

"Mimi Bangladesh! Nchi yangu ilipatikana kwa damu, wewe unaigawa bure asubuhi asubuhi?"

Tangu siku hiyo namwita Apa, ndiyo dada mkubwa kwao. Na Selvaraj namwita Anna, ndiyo kaka mkubwa kwao, ingawa kwetu Anna ni shangazi yangu wa Rungwe, na bahati mbaya wanafanana.

Selvaraj ametoka Tirupur, kusini mwa India, mji wa fulana. Dukani kwake vitambaa vimekunjwa kama vitabu vya maktaba, bei imebandikwa, na bei yake haishuki hata ulie. Ila akimaliza kupima, ataachia kipande cha ziada kabla hajakata, kimya kimya, bila kukutazama. Apa Rokeya ametoka Narayanganj, pembeni ya Dhaka. Kwake bei ni salamu tu, mazungumzo yanaanza baada ya hapo, na chai inakuja hutaki unataka. Vitu vyote vimerundikwa. Lakini mtajie kifungo cha koti la baba yako la zamani, anatia mkono kwenye rundo anakutolea.

Wanagombana kila siku. Wanagombana kwa Kiingereza, na mimi katikati nasikia vyote kama refa.

"Kwenu," Selvaraj anaanza, miwani puani, "mtu mmoja ana kiwanda, maelfu wana jasho. Tirupur kila mtu na kibanda chake. Huyu anafuma, yule anatia rangi, wa tatu anakata, shemeji anapiga pasi. Shati linazunguka mtaa mzima kabla halijaisha. Kila mlango unakula."

"Na funguo za vibanda anashika nani?" Rokeya anamjibu kutoka kwake, hata hatoki nje. "Baba, kaka, mjomba! Mimi nilishona mikono tu. Mikono ya mashati, miaka, shati zima nikaliona nilipokuja Amerika. Lakini mshahara wa kwanza nilimpa mama yangu mkononi, baba amesimama pembeni anakohoa. Wanawake wa viwandani ndio wameishika nchi ile."

"Majengo ya viwanda vyenu yanaanguka."

Siku moja aliposema hivyo nilisimamisha cherehani. Kuna maneno hayasemwi. Rokeya alitoka akasimama mlangoni.

"Yalianguka," akasema taratibu. "Na tuliobaki hai ndio tuliopiga kelele mpaka wakaja kukagua nguzo. Mtu akiungua na dawa ya rangi kwenye kibanda cha mjomba, Selvaraj, nani anamsikia?"

Mzee akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mto wetu," akasema, "ulikuwa unajua rangi ya mtindo mpya kabla ya dunia. Wakipika nyekundu, mto mwekundu. Baba yangu aliacha kuwaogesha ng'ombe mle." Kisha akakumbuka kwamba yuko vitani. "Lakini uzi wenu mnanunua kwa nani?"

"Kwenu."

"Basi. Shati linaanzia kwetu."

"Na linaishia kwetu, ndiyo maana lina vifungo!"

Sasa niambie, hapo mtu anachaguaje?

Nilimweleza mke wangu, Bupe, wakati wa chakula. Bupe anafanya kazi ya kulea wazee, hana muda wa kuzungushwa.

"Kwa hiyo huyo mwenye jengo anataka kufukuza mtu kwa kalamu yako," akasema.

"Kizzy anasema ni maoni tu."

"Baba Queen, maoni yanayomtoa mtu dukani si maoni, ni teke. Na yeye anataka liwe la mguu wako."

"Nikikataa, tunarudi sebuleni na ufagio wa jirani."

"Ufagio tumeshauzoea." Akaniongezea mboga. Bupe akikuongezea mboga bila kuombwa, ujue amekasirika kwa niaba yako. "Mtu akitaka uamue kwa siri, wewe mlete aamue hadharani. Kwetu tulikuwa tunafanyaje? Mkuu wa wilaya akiwa na jambo lenu kabatini, mlikuwa mnamwendea ofisini?"

Nikaacha kutafuna. "Tulikuwa tunamfanya mgeni rasmi."

"Enhe."

Nyie mnaijua dawa hii. Mwenye madaraka hatukanwi. Anaalikwa. Anawekwa meza kuu yenye kitambaa na maua, anapewa maji ya chupa ambayo wengine hawapewi, anapigiwa makofi mpaka anajisikia vibaya. Halafu, akiwa amekaa pale hana pa kutokea, anasomewa risala. Na baada ya risala lazima asimame aseme neno, watu wote wanamtazama mdomoni. Madaraja yamejengwa kwa njia hiyo.

Kuwaeleza majirani zangu ndiko kulikuwa kazi.

"Unamwalika anayetufukuza," Rokeya akauliza, "na kumpa maua?"

"Na soda."

"Kwetu tunafunga barabara! Tunakaa katikati ya lami, mnunuzi wa Ulaya hapiti, basi."

"Kwetu tunakwenda mahakamani," Selvaraj akasema. "Wajukuu wanapokea hukumu."

"Kwetu tunasoma risala," nikawaambia. "Na ninyi mtakaa meza kuu, mmoja kila upande. Msigombane mpaka mgeni aondoke."

"Hilo," Selvaraj akasema, "sikuahidi."

Kizzy nilipompelekea mwaliko, aliweka mkono kifuani. "Mgeni rasmi? Mimi? Itakuwa heshima kubwa sana kwangu." Niliona haya kidogo. Ni mtu mwema, yule. Lakini mwema aliyetumwa bado ametumwa.

Jumamosi mchana korido ilijaa. Watanzania, Wakenya wa kanisani, akina mama wa Kikongo ambao nawashonea, wateja wa Rokeya na watoto wao, mjomba mmoja wa Selvaraj ambaye hakutabasamu mwanzo mpaka mwisho. MC alikuwa Elisante, yule anayeendesha harusi zote za Watanzania wa hapa, ambaye akishika kipaza sauti anakishika kama urithi. Mbele ya mlango wa choo tuliweka meza kuu, tukaifunika kwa satini nyekundu.

"Itifaki imezingatiwa!" Elisante akanguruma.

"Imezingatiwa vipi, wakati mimi nimesimama?" mama mmoja akapiga kelele.

"Mama, wewe ndiye nguzo. Nguzo haikai. Sasa, kabla ya risala, mgeni wetu rasmi atavishwa!"

Nilikuwa nimemshonea Kizzy gauni. Kitenge cha bluu na njano, shingo ya mashua, mikono mipana. Akaenda nyuma ya pazia, akatoka nalo, vigelegele vikapasuka mpaka mwenye duka la simu akaja kuchungulia. Lilimkaa. Kizzy akajigeuza mbele ya kioo, akacheka kama msichana. Kwa dakika hiyo nilitamani tungekuwa tumemwita kwa gauni tu.

Halafu nikafungua karatasi.

"Ndugu mgeni rasmi," nikasoma. "Uliniomba nikuandikie nani anafanya biashara vizuri, kati ya mtu wa India na mtu wa Bangladesh. Umeniomba kwa sababu nimekaa katikati. Nimelinganisha. Huyu wa kulia kwako hapunguzi bei, anaongeza kitambaa. Huyu wa kushoto hana bei, ana chai. Huyu anaamini kila mtu awe na mashine yake, hata kama ni ndogo. Huyu anaamini watu wakiwa wengi ukumbini, hasa wanawake, hawaonewi kirahisi. Huyu akikosea kukata anakaa kimya siku nzima. Huyu akikosea, umekosea wewe."

"Kweli!" akasema mteja mmoja wa Rokeya, akapigwa kiwiko.

"Nilipoumwa, Anna alikaa kwenye kona yangu akapokea nguo za wateja, akaandika kila kipimo kwa penseli. Msiba wa mama yangu, Apa alifunga duka mkesha wa Eid, siku anayouza kuliko zote, akaja Adelphi kukaanga samaki. Ndugu mgeni rasmi, jibu la swali lako ninalo. Nimelipata kabisa. Na sitalitoa."

Kizzy aliacha kutabasamu, akakaa wima.

"Badala yake nina ombi. Gauni hilo ulilovaa, kitambaa nimenunua kwa Selvaraj. Bitana ya ndani nimenunua kwa Rokeya. Mkasi huu hapa mezani. Uniambie nitoe kipi. Ukisema nitoe bitana, kitenge kitakuwasha na kila mtu ataona mguu wako ukisimama mwangani. Ukisema nitoe kitambaa, utarudi nyumbani na gauni la ndani, na leo kuna upepo. Chagua hapa hapa mbele ya watu. Ukishachagua, na mimi nitakwenda kuandika maoni. Naomba kuwasilisha."

Elisante hakuongea. Hilo peke yake lilikuwa tukio.

Kizzy alisimama. Alitazama mkasi, akatazama gauni, mkono wake ukashika upindo wa chini bila yeye kujua.

"Kwanza," akasema, "naomba mkasi uondolewe."

Watu wakacheka, Rokeya akauchukua akaukalia.

"Pili. Mimi sina mamlaka ya kuamua jambo hili."

"Mgeni rasmi hasemi hana mamlaka!" Elisante akaamka. "Mgeni rasmi anasema amepokea changamoto, anakwenda kuzifanyia kazi!"

"Lakini sitaki kuwadanganya."

"Dada yangu, hakuna aliyekuomba ukweli. Tumekuomba ahadi!"

Sasa kicheko kilikuwa kikubwa, lakini yeye hakucheka. Alinigeukia mimi. Kiswahili chake chote cha pasi kilikuwa kimekunjamana.

"Bwana Gwakisa, nisikilize. Nikimpelekea mwenye jengo karatasi tupu, hatawagusa hao wawili mpaka mikataba iishe. Ataanza na wewe. Atasema korido ni ya watu wote, isiwe na vitu. Wewe ndiye wa kwanza kutoka. Unaelewa?"

Nilimwona Bupe kule nyuma, amesimama na sinia la sambusa. Aliningojea tu.

"Aanze," nikasema.

"Sijasikia."

"Aanze! Mwambie aanze na mimi. Nimekaa katikati, teke likipita lazima linikute. Lakini halitapita kwa mguu wangu."

"Anasema nini?" Rokeya akauliza kwa Kiingereza, na mtu akawatafsiria yeye na Selvaraj. Akapiga meza mpaka maji ya mgeni yakamwagika. "Mimi peke yangu sisaini mkataba! Duka la yule likifungwa, na langu nafunga. Nani nitagombana naye? Mgahawa?"

Macho yote kwa Selvaraj. Mzee hana haraka. Alinyoosha kitambaa cha meza, akakata uzi uliokuwa unaning'inia.

"Mimi pia sisaini peke yangu," akasema. "Nilikuwa nimeamua tangu Jumanne."

"Muongo! Unaniiga!"

"Nilikuwa nangoja risala iishe. Mimi nafuata utaratibu."

Wakaanza. Mgeni rasmi katikati, ameshika chupa ya maji, anageuza kichwa kulia na kushoto. Elisante akatangaza chakula.

Kizzy hakutuahidi kitu. Alikula sambusa, akaaga kila mtu kwa mkono, akaondoka amevaa gauni, bitana na kitambaa pamoja. Wiki iliyofuata akanipigia simu asubuhi.

"Nimempa karatasi tupu," akasema. "Nimemwambia wapangaji wamekataa kulinganishwa, na mimi nimekataa kuwalinganisha. Amekasirika na mimi pia. Wanakuja leo kuondoa vitu vya korido. Samahani, Bwana Gwakisa."

"Usiombe samahani. Umefanya sehemu yako."

Walikuja wawili na toroli, vijana wa Kisalvador, wakubwa, wapole, wamebeba amri ambayo si yao. Nilikuwa nashona mkono wa koti.

"Bosi amesema mashine itoke," mkubwa wao akasema kwa Kiingereza.

"Sawa. Mashine hiyo. Mimi nimekaa tu."

"Ukinyanyuka, tutaibeba."

"Ndiyo maana sinyanyuki."

Wakatazamana. Rokeya akatoka na chai, akawapa bila kuwauliza. Selvaraj akasimama mlangoni kwake mikono nyuma, na wateja wakaanza kujaa korido, maana habari hapa inakwenda haraka kuliko basi. Yule mkubwa akaona aibu, akaamua amalize. Akapiga magoti, akaingiza mikono chini ya cherehani na mimi mwenyewe nimeiegemea kwa mbele, akavuta pumzi, akanyanyua.

Cherehani haikunyanyuka. Ila kilisikika kitu, prrraaa, kutoka nyuma yake, na mama mmoja wa Kikongo akasema, "Mon Dieu."

Suruali ilikuwa imepasuka kutoka kiunoni mpaka kwenye goti. Kijana alibaki pale pale amepiga magoti, mikono ameziba nyuma, uso umekuwa pilipili.

Mimi ni fundi. Kuna vitu mtu hawezi kuviona akaviacha.

"Ingia nyuma ya pazia," nikamwambia. "Vua, nipe."

"Mashine—"

"Suruali nitaishona kwa kitu gani sasa? Kwa meno?"

Akaingia. Suruali ikatokea juu ya pazia. Selvaraj alileta kipande cha jinzi cha kuwekea kiraka, akakipima, akaachia cha ziada. Rokeya akatia mkono rundoni, akatoa uzi wa rangi ile ile kabisa, akasema bei, hakuna aliyemjibu, akasema bure. Mwenzake yule kijana alikuwa ameshakaa kwenye toroli anakunywa chai.

"Itachukua muda gani?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

"Inategemea. Unanihamisha lini?"

Nikasikia anapiga simu kwa bosi wake. Kihispania sijui, lakini neno pantalón, yaani suruali, nililishika, na lilirudiwa mara nyingi, kila mara kwa huzuni zaidi.

Nikaweka kiraka chini ya sindano. Sijawahi kushona polepole kama siku ile. Nilikwenda mshono mmoja mmoja, kama mtu anayesoma barua kutoka kwao. Wateja wakaanza kuniletea na nguo zao, huyu upindo, huyu zipu, mpaka foleni ikafika mlango wa duka la simu. Mchana walipoondoka na toroli tupu, suruali ile ilikuwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani, iwe Tirupur au Dhaka.

Bado nipo. Mwenye jengo ametuma ujumbe kwamba watarudi. Waje. Suruali ya mkubwa yule nimeipiga pasi bure, na huyu mwenzake nimeshaona mfuko wake wa nyuma umeanza kuachia mishono.